Mipira ya Wagiran

Pale Kutoarjo, mji mdogo wa Java, nyuma ya stesheni, pikipiki ikiingia matope watu hawaulizani ipelekwe wapi. Ni kwa Mbok Warsiti, mama muosha pikipiki. Alianza na ndoo na kitambaa mumewe alipofariki, akajinyima mpaka akapata mashine ya presha, na mashine hiyo aliifungua na kuifunga mwenyewe. Fundi akisogea na spana yake, alimfukuza kama kuku aliyeingia kwenye mpunga.

Ramadhani ilipokuwa inaelekea ukingoni, pampu ikaanza kukohoa. Maji yakawa yanatoka kwenye bunduki ya kunyunyizia kama mkojo wa babu. Mipira ya pistoni, ile inayozuia maji yasivuje, imelika, hilo alilijua bila kuuliza mtu. Na wiki hizo ndizo za kazi, maana kila mtu anataka pikipiki ing'ae kabla ya kurudi kwao kwa Idi.

Akaenda sokoni kwa Wagiran, muuza spea, mtu mpole, umri wa kuwa mwanawe wa mwisho.

"Nipe ile myeusi ya siku zote."

"Myeusi ipo, Mbok. Lakini kisima chako kina mchanga, utaimaliza sasa hivi tu. Chukua hii ya kahawia, ina nyuzi ndani, ngumu. Ila tazama, hii ina mdomo, ukingo huu hapa. Ile myeusi ilikuwa sawa pande zote, hii mdomo lazima uelekee kwenye…"

"We Wagiran! Ulikuwa unatambaa na kamasi zako, mimi tayari nina grisi kwenye kucha. Leo unifundishe? Nifungie, nina wateja."

Wagiran akaifunga ile ya kahawia kwenye karatasi, akampa.

Mbok Warsiti akaipachika mipira ile kama alivyozoea kupachika myeusi, upande wowote uliokuja mkononi. Akawasha. Mashine ikanguruma mara moja, kisha maji yakamwagika chini ya pampu, na oili ikageuka nyeupe kama tui. Foleni ya pikipiki ilifika barabarani. Tukijo, dereva wa pikipiki za abiria, mwenye mdomo usio na breki, akapiga ukelele:

"Jamani, mashine ya Mbok imefuturu kabla ya adhana!"

Wakacheka wote. Na kicheko hicho ndicho kilichomkokota mpaka sokoni, mikono ingali na oili, akasimama mbele ya duka na kupayuka: "Feki! Wagiran anauza feki! Anawaibia wajane mwezi mtukufu!"

Madereva wa pikipiki hupeleka abiria, na maneno nayo hupanda bure. Kabla hajafika nyumbani, mji mzima ulikuwa na habari. Watu wakaanza kupita mbele ya duka la Wagiran wakitazama pembeni.

Mbok Warsiti akaenda duka kubwa la barabarani, akachagua mipira ya kahawia ya bei ya juu, imekaa ndani ya kisanduku kizuri. Akaipachika vile vile. Ikamwaga vile vile.

Mchana ule, watu wamelala na saumu zao, alikaa peke yake uani akaugeuza mmoja wa mipira ile kati ya vidole. Mdomo ulikuwa umechanika pale maji yalipousukuma kwa nyuma. Hapo yale maneno aliyomkatiza Wagiran yakajimalizia yenyewe kichwani: kwenye maji. Mdomo uelekee kwenye maji.

Akaitafuta ile "feki." Haikuwa imechanika, ilikuwa imekunjika kidogo tu. Akaiosha, akaipaka grisi, akaigeuza, akabadilisha oili. Akawasha. Bunduki ilitaka kumtoka mkononi kwa nguvu ya maji.

"Si umeona!" Tukijo akasema jioni, akiitazama pikipiki yake inavyovuliwa matope. "Hivyo ndivyo vitu vya duka kubwa. Siyo ule uchafu wa Wagiran."

Mbok Warsiti, bunduki mkononi, alijibu: "Eeh."

Neno lenyewe hilo moja tu. Lakini lilimkaa kooni mpaka Idi, na kila pikipiki aliyoiosha aliiosha kwa mipira ya mtu aliyemwita mwizi.

Siku ya Idi, wadogo ndio huwaendea wakubwa kuomba radhi. Sebule yake ilijaa majirani, sahani za ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi, na kuku wa nazi zinapita, Tukijo yuko kwenye kona anatafuna. Mlangoni akaingia Wagiran na mkewe. Wagiran akapiga magoti, akauchukua mkono wa Mbok Warsiti, akauweka kwenye paji la uso.

"Mbok, mimi mdogo nimekukosea mengi, kwa kujua na kutojua. Naomba radhi, ya nje na ya ndani."

Jibu lipo, kila mtu analijua: na mimi mkubwa nimekosa, tusameheane. Angeweza kulificha kosa lake humo, kama takataka chini ya mkeka, na nani angejua? Wagiran angerudi nyumbani amesamehewa kosa ambalo si lake. Ulimi ukakataa jibu hilo.

"Inuka," alisema. "Inuka bwana, usinipigie magoti." Uso ulikuwa unamwaka. "Mipira yako ilikuwa mizima. Mimi ndiye niliyeipachika kinyume. Mpaka leo ndiyo iliyomo kwenye mashine."

Sahani zikasimama. Tukijo akaacha kutafuna. "Mbok, kumbe pikipiki yangu iliyong'aa vile…?"

"Nyamaza, we! Ndiyo."

Mke wa Wagiran akaanza kulia kimya kimya. Wagiran akasimama, akakunguta magoti, hakutabasamu.

"Ahsante, Mbok. Lakini hapa tumo watu wachache. Siku ile sokoni walikuwa wengi."

Neno halikuwa la kumtukana, ndiyo maana lilimchoma zaidi.

Soko lilipofunguliwa baada ya Idi, Mbok Warsiti alijifunga mtandio wake mzuri akaenda. Akasimama pale pale mbele ya duka la Wagiran, akaanza, na sauti ikatoka kama ya mgonjwa. Mwanamke wa mboga akauliza, "Anasemaje huyu?" Akavuta pumzi, akarudia kwa nguvu: "Mimi Warsiti nilidanganya! Wagiran hauzi feki!" Wengine wakacheka. Kijana mmoja akaiigiza sauti yake. Alitamani kukimbia, akakaa kwenye benchi la duka, macho chini. Hakuondoka mpaka mteja wa kwanza alipoingia kuulizia mipira ya kahawia.