Aliyeiona Kwanza

Kwa miaka kumi na miwili kazi ya Aikande ilikuwa kutazama. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya Bangwe, mwanamke wa miaka arobaini aliyeletwa Kigoma kikazi kutoka Upareni. Aliinama juu ya hadubini, akatazama damu za watu, akaandika alichokiona. Karatasi ilikwenda kwa daktari, na mgonjwa akipona, shukrani nazo zilikwenda kwa daktari. Aliyazoea hayo, au alijiambia kuwa ameyazoea. Jioni alichukua darubini yake ya macho mawili aliyoinunua mnadani, akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kutazama mbingu. Majina ya nyota alijifundisha mwenyewe kwenye simu, moja moja.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Dunia, mjane aliyepita miaka sitini, ambaye baba yake alivuka ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo, akaishi Bangwe mpaka kufa. Bi Dunia alikuwa akianika dagaa kwenye ufukwe wa Katonga. Kila siku alitoka kabla ya adhana ya alfajiri ili aiwahi mitumbwi ikifika. Asubuhi moja mwishoni mwa Septemba 2024 alirudi nyumbani kuchukua turubai, akamkuta Aikande anafagia uwanja.

"Shikamoo, Bi Dunia."

"Marahaba, binti yangu. Hebu niambie, ile mashine yako ya nyota ina kazi kweli? Leo siku ya tatu naona nyota ina mkia, juu ya vilima vile, kabla hakujapambazuka. Mkia umesimama kama moshi wa kuni mbichi siku isiyo na upepo."

Aikande alitabasamu. "Hiyo ni ndege, Bi Dunia. Huwa zinaacha moshi."

"Ndege gani inakaa palepale siku tatu?"

Aikande alicheka kidogo, akaendelea kufagia. Lakini swali lile lilimganda kichwani. Kesho yake, saa kumi na mbili kasorobo, giza likiwa linaanza kupauka, alielekeza darubini juu ya vilima. Nyota ilikuwepo, palepale alipoelekezwa. Kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe, na mkia umepanda juu kama ulivyosimuliwa. Aliegemeza viwiko ukutani ili darubini itulie. Machozi yakamtoka.

Alipiga picha kwa simu. Ilitoka na ukungu, ila mkia ulionekana. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wa afya na walimu wa Bangwe na kuandika: "Nyotamkia. Nimeigundua leo alfajiri, Bangwe." Kabla ya kutuma alilitazama lile neno, nimeigundua. Kidole kikasita. Kisha akabonyeza.

Kufika saa nne hongera zilikuwa zimejaa. Daktari Gervasi, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingia maabara, alikuja mpaka mlangoni akasema, "Kumbe tunaishi na mwanasayansi!" Mchana redio moja ya mjini ikampigia simu, na jioni ile ile Aikande akawa amekaa mbele ya kipaza sauti, amevaa kitenge chake kizuri, kana kwamba wasikilizaji wangekiona.

Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu aitwaye Shukrani. Alimwuliza mengi, mwishowe akasema, "Sasa dada Aikande, waambie wasikilizaji. Nani alikudokeza kwamba kuna kitu huko juu?"

Jina la Bi Dunia lilikuwa mdomoni. Angelitaja tu, mambo yangeisha.

"Hakuna aliyenidokeza," alisema. "Nilikuwa peke yangu. Ni mazoea ya miaka mingi ya kutazama."

Siku iliyofuata aliingia maabara Honorata, mmoja wa wanawake wa Katonga, kupima malaria. Alinyoosha kidole achomwe, huku akiongea bila kumwangalia.

"Jana tulikusikia. Tulikuwa tunakusanya dagaa. Tukamgeukia Bi Dunia sote, maana ile nyota alikuwa ametusimulia siku zote hizi. Tukadhani sasa atatajwa."

"Akasemaje?" Aikande aliuliza.

"Akasema tu, 'Kusanyeni, giza linaingia.'"

Aikande alikishika kile kidole muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Damu ilikwishatosha, naye hakukiachia.

Usiku huo kukaja la pili. Mwalimu mmoja wa fizikia, Jonathan, aliandika kwenye kundi, kwa adabu, kwamba nyotamkia ile ilijulikana kwa wataalamu tangu mwanzoni mwa mwaka uliopita, ina jina lake, na watu wa dunia nzima wanaipiga picha. Zikafuata sura za kucheka, moja baada ya nyingine. Kesho yake zahanati nzima ilimwita Mgunduzi. "Mgunduzi, majibu ya mgonjwa wangu yako wapi?" daktari aliuliza dirishani, na foleni yote ikacheka.

Hilo aliweza kulibeba. Alijaribu hata kulifanya kinga: kama nyota ilikwishajulikana, basi yeye ameiba nini? Aliporudi nyumbani, utetezi huo ulimwishia kabla hajafika jikoni. Bi Dunia hakuwahi kusema amegundua kitu. Aliinua macho, akaona, akamletea jirani yake. Naye jirani alimcheka kwanza, kisha akamfuta. Na aliyefanya hivyo ni yeye Aikande, ambaye kwa miaka kumi na miwili aliumia kimoyomoyo kila mgonjwa alipomshukuru mtu mwingine.

Jumamosi alikwenda Katonga. Jua lilikuwa limepanda na wanawake sita walikuwa wameinama kwenye chanja, wakigeuza dagaa. Alisimama mbele yao na kusahau maneno aliyoyapanga njiani.

"Bi Dunia, nilisema uongo. Wewe ndiye uliyeiona, ukanionyesha. Mimi nilikucheka. Naomba radhi."

Bi Dunia alifuta mikono kwenye kanga. "Sifa za redioni mimi sina shida nazo, nina dagaa wangu. Ila kilichoniuma nikuambie. Nilikuletea wewe. Sikumpelekea mwingine. Nilisema moyoni, huyu anajua kuangalia, ataniamini."

Aikande hakuwa na pa kuuweka uso wake. Akatazama chini, kwenye magamba na mchanga.

"Halafu hapa tuko sita," Bi Dunia akaongeza. "Redio ilisikika mpaka Kalinzi, huko milimani."

Shukrani, alipopigiwa simu, alisema kwa upole kwamba habari ile imeshapoa. Basi Aikande akaanza kupiga simu kwenye kipindi cha salamu, kama wapigavyo watu wote. Siku ya tatu laini ikashika, yuko kwenye ukumbi wa zahanati, wagonjwa wamejaa kwenye benchi.

"Namsalimu Bi Dunia wa Bangwe, anayeanika dagaa Katonga," alisema kwa nguvu ili sauti isimkatikie. "Yeye ndiye aliyeiona ile nyotamkia, akanionyesha mimi. Mimi nilidanganya kwenye redio hii hii."

Mtangazaji wa salamu alikohoa, akaharakisha kuweka muziki. Watu wa kwenye benchi walimwangalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Alirudi kwenye hadubini masikio yakiwaka, akasoma kioo kimoja cha damu mara tatu.

Katikati ya Oktoba nyotamkia ilihamia magharibi, ikawa inaonekana jioni juu ya milima ya Kongo. Ilikuwa mbalamwezi, na kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mitumbwi haikwenda kuvua, na Bi Dunia alikuwa na nafasi. Walishuka pamoja ufukweni. Aikande akampa darubini, akamwonyesha namna ya kuizungusha. Mama yule aliitazama nyota kidogo tu, kisha akaishusha darubini mpaka kwenye milima, akakaa hapo.

"Baraka iko wapi?"

"Kulia zaidi. Lakini ni mbali, haionekani."

"Najua haionekani," alisema Bi Dunia, akaendelea kutazama. Baadaye akasema, "Zile salamu zilifika."

"Asante, Bi Dunia."

"Usinishukuru. Nakwambia tu kwamba zilifika."

Mwaka uliofuata alikuja muuguzi mpya aitwaye Wema, akauliza kwa nini mtaalamu wa maabara anaitwa Mgunduzi. Aikande alimsimulia yote tangu mwanzo bila kujipunguzia kosa. Alipofika kwenye lile swali la Shukrani redioni, sauti ilimshuka, ikabidi Wema asogee karibu ili asikie alichojibu.