Madumu ya Mama Bertha Niliyoyazuia Mlangoni

Nishawahi kumzuia mama mkwe wa dada yangu mlangoni, siku ya harusi, huku nimeziba pua.

Naandika huku najichukia. Msinionee huruma.

Dada yangu Winfrida aliolewa na Amosi, kijana wa wafugaji waliohamia Likunja kutoka kanda ya ziwa. Sisi ni wa Nachingwea. Dini hazikuelewana, ndoa ikafungwa bomani, sherehe ikawekwa ukumbini Ruangwa, Jumapili mchana.

Mimi Geofrey nikapewa jukumu la vinywaji.

Wageni mia mbili. Majirani zetu Waislamu sitini, soda mbili mbili. Watu wa kwetu sitini, bia tatu tatu. Wafugaji themanini? Sita sita, bila kupepesa macho!

"Kaka, mpigie mama yake Amosi umuulize wanakunywa nini," Winfrida akasema.

"Wafugaji hao, wa kuulizwa? Wale wanameza mpaka chupa."

Akakunja uso. "Ndio wakwe zangu. Usiniaibishe."

Nikanunua kreti thelathini za bia. Soda kreti tano, maji katoni mbili. Nikajiona mtaalamu.

Siku yenyewe, ukumbini ikafika kirikuu, gari dogo la mizigo, imebeba madumu manne. Akashuka Mama Bertha, mama yake Amosi, anatabasamu. Uchachu ukanipiga puani. Nikajua tu, pombe ya kienyeji hiyo.

"Mama, uchafu huo hauingii humu. Bia zipo za kuwatosha."

"Baba, haya ni..."

"Nimesema hauingii!"

Akaagiza yashushwe. Madumu yakabaki nje, kivulini.

Ndani, wahudumu wakapita na bia. Kwenye meza za wakwe, kila mtu akafunika glasi kwa kiganja.

"Sisi ni Wasabato," mzee mmoja akaniambia taratibu. "Hatutumii."

Wote themanini. Jasho likanitoka.

Soda zikaisha kabla ya keki. Maji nayo kwisha. Watoto wa wakwe wakaanza kulia kiu, na mimi nimezungukwa na makreti ya bia.

Bia zikapata wenyewe, wajomba zangu. Mjomba Rogath alikaa na kreti lake miguuni. Alipoitwa kutoa nasaha kwa niaba ya ukoo, akapepesuka hadi mbele ya maharusi, akashika maiki, akafungua mdomo.

Akatapika.

Pilau na bia, juu ya gauni jeupe la dada yangu. Kinyaa kilinishika hadi leo nikisikia harufu ya pilau nageuza uso.

Winfrida hakulia. Alinitazama mimi.

Mama Bertha akatoka nje, akarudi na dumu moja. Akamimina kwenye kikombe. Kitu cheupe, kizito.

Maziwa mgando. Ya ng'ombe wao, waliyaleta ili ukumbi mzima unywe.

Kikombe cha kwanza akamnywesha Mjomba Rogath, amemshika kichwa. "Kunywa baba, tumbo litulie." Kisha akavua khanga yake ya begani, akapiga magoti, akafuta gauni la mkwewe.

Cha pili akaniletea mimi.

"Na wewe mwanangu, una kiu."

Niliyanywa. Aibu ile siwezi kuisimulia.

Ndugu zangu, ukipewa kukadiria vinywaji, usianze na kalamu. Anza na simu, uliza watu.

Mwezi uliopita Winfrida alifanya sherehe ya mtoto wao. Nikampigia mapema, nimejifunza. "Dada, nilete kinywaji gani?"

"Njoo mikono mitupu, kaka," akasema. "Mlangoni atasimama mama mkwe."