Kumfuata Shangazi Ng'ambo ya Songwe

Nilivuka kwenda Malawi kwa sababu mdogo wangu Atupele alikuwa amepata mchumba, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwajibu wageni. Kwetu posa ya binti hujibiwa na upande wa baba. Baba yetu alishafariki. Walibaki baba mkubwa, anayeishi Matwebe kwenye shamba la babu, na shangazi Subilaga, aliyeolewa Karonga kabla mimi sijazaliwa. Baba mkubwa alisema wazi, "Bila shangazi yenu mimi sijibu neno. Wakija watakunywa chai, watarudi." Wageni wenyewe, watu wa Kyela, walishakuja mara moja wakarudi hivyo hivyo. Sasa walikuwa wametuma ujumbe kwamba watakuja Jumamosi, na kwamba hawatakuja mara ya tatu.

Shangazi tulimpigia simu. Alipiga vigelegele mpaka mama akaiweka simu mbali na sikio. Kisha akasema hawezi kuondoka kwa maneno ya simu. Mume wake yuko safarini na lori huko kusini, kwa hiyo wa kumruhusu ni baba mkwe, na wa kwenda kumwomba ni mtu wa damu yake, asimame mbele ya mzee. Baba mkubwa goti lake halimpeleki mbali. Nikabaki mimi, fundi miavuli na viatu pale Msasani ya Tukuyu, ambaye wateja hulalamika kwamba sitaji bei mpaka niulizwe mara mbili.

"Huyu?" Atupele aliuliza. "Atafika mpakani aombe kuvuka kwa kunong'ona."

"Atasema," mama akajibu. "Akikwama atasimama pale pale mpaka wamuulize."

Jumatano asubuhi, Tukuyu. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyomfanya mtu wa hapa akimbie, na Mlima Rungwe haukuonekana. Nilibeba mfuko wa majani ya chai, parachichi na chane mbili za ndizi mbichi. Gari liliteremka kupita mashamba ya chai, wachumaji wakiwa wamejifunga nailoni kiunoni, kisha migomba, kisha migomba tena. Baada ya kijiji cha Ushirika nilivua koti. Tulipokaribia Kyela nilifungua na vifungo vya shati. Huko chini ardhi ni tambarare, kuna mpunga, kokoa na michikichi, na watu hutembea polepole kwa sababu ya joto.

Kasumulu, mpakani. Afisa alipokea hati yangu ya kusafiria akaniuliza nakwenda kufanya nini.

"Kumchukua shangazi," nilisema.

"Kumchukua? Kwani ameibiwa?"

Foleni nzima ilicheka. Kabla sijaeleza, yeye akagonga muhuri huku akisema, "Haya, kamrudishe mama wa watu."

Daraja la Songwe ni fupi kuliko nilivyodhani. Mto ulikuwa wa rangi ya udongo, na ng'ambo yake migomba ni ile ile. Wanaobadilisha fedha wananadi kwa Kiswahili, na wanawake wanaouza mchele wanasalimiana, "Ugonile," kama sokoni kwetu. Wangonde wa upande ule na sisi Wanyakyusa tunaelewana bila mkalimani, isipokuwa wao huvuta maneno kidogo. Kilichobadilika ni saa. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, jambo ambalo sikulijua.

Kutoka mjini Karonga kwenda kijijini nilipanda baiskeli ya abiria. Mwendeshaji aliitwa Gift, kijana wa umri wangu, na alizungumza kwa ajili yetu sote wawili. Ni yeye aliyenipa habari za nchi yake. Ni nyembamba na ndefu, imelala kando ya ziwa. Mtu akitoka hapo kaskazini kwenda Blantyre atalala njiani. Rais na bunge wako Lilongwe, ambako Gift hajafika. Huko kati wengi ni Wachewa, na lugha yao ndiyo inayosikika redioni. Lakini ng'ombe wako akila mpunga wa mtu, alisema, huendi Lilongwe. Unakwenda kwa mfumu, yaani mkuu wa kijiji.

"Mnamchagua kila baada ya miaka mingapi?" nilimuuliza, kwa kuwa mwenyekiti wetu wa kijiji tunampigia kura.

"Kumchagua? Baba yake ndiye aliyekuwa mfumu. Ukoo ndio unaochagua." Kisha akaonyesha maji yaliyokuwa yaking'aa upande wa kushoto. "Lile ndilo Ziwa Malawi."

"Sisi tunaliita Nyasa," nilisema.

"Ninyi mna maziwa makubwa mangapi?"

"Matatu."

"Basi, ndugu yangu, mna mawili mengine. Hili tuachieni."

Jumatano mchana, kijijini. Gift aliniacha penye njia ya miguu. Nilikutana na mzee mrefu mwenye fimbo na kofia ya sufu, pamoja na joto lile. Nilimwamkia kwa kuinama, nikauliza kwa Subilaga, mama wa kutoka Tukuyu. Alitangulia tu akanionyesha njia kupita kwenye mahindi mpaka ikaonekana nyumba ya matofali, hapo akasimama.

"Mimi naishia hapa," alisema.

Nilidhani ni adabu tu. Mtu amekusindikiza mpaka mlangoni, utamwachaje arudi bila hata maji? Nilimshika mkono, nikamwita baba kwa lugha yetu. "Hapana, tata, fika kabisa. Shangazi atafurahi." Alijaribu kuutoa mkono wake, mimi nikazidi kumkaribisha. Kisha, mimi nisiyepaza sauti hata sokoni, nikapaza sauti. "Shangazi! Toka uone nimekuja na nani!"

Shangazi alitoka na ungo wa mchele. Alituona. Mchele ulimwagika kabla sijaelewa, kitenge kikapanda kichwani, na yeye akaingia kwenye mahindi upande wa pili kama mtu anayekimbia nyuki. Nilipogeuka, mzee naye alishanipa mgongo na alikuwa anakwenda kwa kasi isiyolingana na umri wake.

Baadaye shangazi alirudi akiokota mchele, akicheka na kukasirika kwa pamoja. "Umemleta baba mkwe mlangoni kwangu! Mama yako hajakufundisha kitu?"

Mila hiyo nilikuwa nimeisikia. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hapiti njia yake, na wakikutana yeye hujificha. Kwetu Tukuyu, nyumba nyingi zimeiacha, na wakwe huketi kanisani benchi moja. Nilidhani hata huku imebaki kwenye hadithi za wazee. Kumbe shangazi alikuwa ameishi miaka yote ya ndoa yake na mzee huyo, ua kwa ua, na uso wake anaujua kwa kuuchungulia tu.

"Haikuchoshi?" nilimuuliza.

"Ananiheshimu," alisema. "Kisima alinichimbia upande wangu ili tusikutane. Wewe baba mkwe gani atakuchimbia kisima?" Akapepeta mchele kidogo. "Ila nilipojifungua mtoto wa kwanza, na mume hayupo, mzee ndiye aliyekuwa karibu. Ilibidi akamtafute mtu wa kuja kuniuliza kama naumwa."

Kisha akanieleza lililobaki. Mzee yule ndiye mfumu. Ruhusa iko kwake mara mbili, kama mkwe na kama mkuu wa kijiji, na mimi nilikuwa nimemburuta kwa mkono.

Alhamisi asubuhi, barazani kwa mfumu. Nilifika kwa saa ya Tukuyu, nikakuta uwanja mtupu na mtu mmoja anafagia. "Umekuja kulala hapa?" aliuliza. Nilikaa. Watu walipojaa, mfumu alitoka na kofia ile ile, akanitazama, akaenda kuketi.

Shauri lilikuwa moja, ng'ombe aliyeingia kwenye mpunga. Mwenye mpunga alisema kwa kirefu. Mwenye ng'ombe akasema kwa kirefu zaidi. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, na wazee waliokaa kando walisema kila mmoja zamu yake. Mwisho mfumu akaamua kwamba mwenye ng'ombe aje na watoto wake wapandikize upya lile pande lililoliwa, na kwamba wakati wakifanya kazi hiyo mwenye mpunga awapikie pale pale shambani. "Wote wawili mtakuwa matopeni," alisema, "hapo mtasalimiana." Mwenyekiti wetu angewaandikia kwenda baraza la kata. Sisemi lipi ni bora. Nasema la mfumu liliisha kabla jua halijawa kali.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Kuna mgeni ana nguvu za mikono. Aseme."

Nilisimama. Watu walikuwa wengi. Nilianza kwa kuomba radhi, na nilipomaliza yeye akawauliza wazee, "Amesema nini? Huko Tukuyu ukungu umeingia mpaka kooni?" Walicheka. Nikarudia kwa nguvu. Nikaeleza habari ya Atupele, ya baba aliyefariki, ya wageni wa Jumamosi ambao hawatarudi tena, na kwamba bila shangazi nyumba yetu haina mdomo.

Nyuma ya baraza kulikuwa na uzio wa matete, na nyuma ya uzio alikuwa shangazi. Kila mtu alijua. Mfumu aliutazama uwanja, si uzio.

"Mwulize huyo mama, nani atanipikia?"

Nilienda kwenye uzio, hatua chache tu, nikauliza. "Mwambie wajukuu zake wakubwa wamejua kupika," sauti ya shangazi ikatoka, safi kabisa. "Na wanapika vizuri kuliko mama mkwe alivyokuwa akipika, Mungu amrehemu."

Mfumu akacheka, kisha akakumbuka akanyamaza. "Nimesikia kitu? Sijasikia kitu. Mgeni, amesema nini?"

Nikarudi nikasema yote, pamoja na habari ya mama mkwe, kwa kuwa sikujua nikate wapi. Uwanja ulicheka tena. Ikawa hivyo, mimi nikienda na kurudi. Nani atalinda mpunga na ndege? Watoto. Atarudi lini? Jumapili. Na kama hao wageni wakimkataa huyo binti? Hapo shangazi aliusogelea uzio.

"Mwambie hawatakataa," alisema, "ila nitawaomba kitu."

Nilipofikisha neno hilo, mfumu alivua kofia akaikung'uta. "Mwambie aende. Na amwambie binti kwamba mimi nimemruhusu mama huyu kwa sababu hajawahi kunipa aibu." Sikuwa na haja ya kulipeleka. Nilisikia nyuma ya uzio shangazi akishukuru, "Ndaga fijo," polepole, na mfumu, ambaye hakupaswa kusikia, akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa tulivuka. Shangazi alikuwa na mchele wa Karonga na kitenge kipya. Gari lilipopanda Ushirika na baridi ikaanza, alifungua dirisha akavuta hewa, abiria wa nyuma wakamwomba afunge.

Jumamosi, Matwebe. Wageni walifika mchana, baba wa mchumba akiwa mbele, mtu mnene mwenye koti la suti. Baba mkubwa alikaa karibu na shangazi, naye shangazi ndiye aliyesema. Aliwakaribisha, akawauliza ukoo wao, akawatania kwamba watu wa Kyela huoa kwetu kwa sababu ya baridi. Mambo yalikwenda vizuri. Kisha akasema, "Nina ombi moja kabla ya jibu."

"Sema, mama."

"Wewe utakuwa baba mkwe wa binti yetu. Mimi nimekaa kwa mkwe wangu kwa mila ya zamani, na mzee wangu ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Lakini huyu nataka akuone, nawe umwone. Akiumwa, umuulize wewe mwenyewe. Atakuletea chai hapa, uipokee mkononi mwake. Ukishindwa, tutaelewana, ila jibu letu litakuwa jingine."

Mzee mmoja wa upande wa wageni alimnong'oneza mwenzake, na yule baba aliangalia mikono yake. Niliona mama anashika ukingo wa mkeka. Nilifikiri, basi, tumewapoteza, na mimi ndiye niliyemleta. Nikasimama. Sikuwa nimetumwa. "Tata," nilisema, na sauti yangu ilifika mpaka nje, "juzi nimekwenda na kurudi mbele ya uzio nikipeleka maneno ya shangazi na mkwe wake, watu wanaoheshimiana. Niliona inavyochosha."

Yule baba alinitazama, kisha akamgeukia shangazi. "Kwetu mama yangu alijificha hivyo mpaka uzee," alisema. "Mwiteni mtoto."

Nilikwenda kumchukua shangazi, nikaijua na nchi ndogo ya jirani, namna ilivyokaa na anayeitawala. Nilichorudi nacho ni kwamba anayeishika sana mila ndiye anayejua mahali inapobana, na yeye ndiye wa kuulizwa.

Atupele alitoka jikoni na kikombe kwenye sahani. Chai ilimwagika kidogo sahanini. Alipiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," yule baba alisema, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akamtazama usoni. "Umetia tangawizi?"

"Nimetia."

"Ongeza."