Kaburi la Nne

Kosa ni langu, na nalisema mwanzo ili mtu asinihurumie bure. Mimi ndiye niliyesema matatu.

Ulikuwa msimu wa palizi watu wa mradi wa nyumba walipokuja kupima mashamba ya pembeni mwa mji wa Handeni, upande ule mama yangu alikokuwa akilima mahindi na kunde. Walishasimamisha kibao barabarani chenye picha: nyumba zimejipanga mistari, zote bati jekundu, na mbele ya moja mtoto anaendesha baiskeli. Mama hajui kusoma, lakini picha aliielewa vizuri sana. Akaniita kwa simu ya jirani, njoo, wamefika. Mimi nimeolewa Makuyuni, upande wa Korogwe, ni fundi cherehani pale kandokando ya barabara. Nikafunga kibanda, nikapanda basi, na njia nzima nilikuwa nagombana kimoyomoyo na watu ambao hata sijawaona. Ndivyo nilivyo. Mdogo wangu wa kiume hunicheka, anasema dada huanza na ugomvi, salamu zinafuata.

Nilipofika sikupata wa kugombana naye. Afisa aliyeshika fomu alinipa shikamoo kwa adabu, akahesabu michungwa ya mama mti mmoja mmoja, akaandika hata mpapai uliokuwa unakufa. Tukakaa barazani: yeye, mjumbe wa mtaa, wazee wawili majirani, mdogo wangu na mimi. Mama alikuwa kizingitini na ungo wake, anachambua kunde.

"Na makaburi?" afisa akauliza. "Tuambieni yote leo. Yaliyoandikwa tutayahamisha kwa heshima, tuyapeleke makaburi ya mji. Yasiyoandikwa, greda halitajua."

Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye mkubwa na kalamu nilikuwa nayo mimi. "Matatu," nikasema. "La babu, la bibi na la baba." Nikatia sahihi. Mama hakuinua kichwa.

Waliposhaondoka na yule mdogo wangu amewasindikiza hadi barabarani, mama akaweka ungo chini. "Na wako?" akaniuliza.

Jamani. Nilihisi kama nimekanyaga moto.

Uzazi wangu wa kwanza nilikuja kuzalia kwa mama, kama inavyotakiwa. Nikajifungua msichana. Alilia vizuri, akanyonya, na siku ya tatu akafariki, sijui kwa nini, hakuna aliyeniambia kwa nini. Kwetu mtoto ambaye hajatolewa nje ya nyumba alikuwa akizikwa na wanawake peke yao. Hakuna matanga, hakuna watu kukusanyika, wanaume wanaendelea na shughuli zao. Shehe anasema si sawa, mtoto aliyelia huswaliwa, na mimi namwamini, lakini ndivyo ilivyofanyika. Mama na shangazi walimchukua asubuhi, wakaenda naye shambani na jembe. Mimi nilibaki ndani, mlango umerudishwa, maziwa yananichuruzika mpaka tumboni. Niliambiwa nisiulize walikomlaza. Mzazi akipajua mahali atakuwa anapafuatafuata, na tumbo litafunga. Basi sikuuliza. Nilikuja kuzaa wengine wanne, wazima. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi nasema wanne, haraka, bila hata kumeza mate. Ulimi umezoea. Na siku ile ya fomu ulisema ulichozoea.

Badala ya kujilaumu, nikamgeuzia mama. "Mbona hukusema? Ulikaa pale unachambua kunde, hukusema!"

"Mbele ya wanaume?" akasema. "Ningeanzaje?"

Nilimfokea mama yangu, Mungu anisamehe, mtu mzima wa umri ule. Shangazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo duniani alibaki mtu mmoja tu anayejua mwanangu amelala wapi, na mimi nampigia makelele. Alichukua jembe akalifanya mkongojo, akaingia shambani. Nikamfuata.

Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Alipita mstari baada ya mstari bila kusita, akasimama karibu na mikonge ya mpaka. Pale palikuwa na pengo, mahali pa shina moja la muhindi. "Hapa sipandi," akasema.

Pengo lile nililijua. Miaka nenda miaka rudi, kila nilipokuja kumsaidia palizi, nilikuwa namkejeli: mama, umeruka shimo tena, macho yamekwisha hayo. Kuna mwaka nilifukia mbegu mwenyewe pale, nikijiona nina akili. Wiki iliyofuata hakukuwa na mche, nikadhani ni panya. Sasa mama ananiambia alirudi jioni ile ile akazifukua mbegu moja moja, zisije zikaota juu ya mtoto. Nilikaa chini kwenye majani.

Ikabaki kumwambia mdogo wangu. Wakati ule alikuwa bado anasoma madrasa, hakuambiwa kitu. Akasema, "Dada, yaani nilikuwa na mpwa?" Akajifuta uso kwa kanzu yake. Asubuhi tukaenda wote kwa afisa. Mjumbe alikuwepo, na yeye alisitasita. Makaburi ya mtaa ule anayajua, hilo la nne mbona hakuwahi kulisikia? Nilimwambia, baba, hukulisikia kwa sababu ulikuwa mwanamume. Afisa akaandika, lakini akanieleza wazi: wakichimba na wasikute kitu, haliwezi kuhesabiwa kaburi, watalifukia shimo na kuendelea. Kuanzia hapo nikawa silali. Miaka zaidi ya thelathini, mtoto wa siku tatu, na udongo ule wa kwetu.

Nyumba zenyewe mpaka leo naandika hazijajengwa. Mawe ya mipaka yapo, yana namba, na kibao kimepauka mpaka yule mtoto wa baiskeli hana uso. Shamba limekuwa pori. Lakini siku ya kuhamisha haikuahirishwa hata kwa mvua.

Siku hiyo nilipita dukani kununua bafta ya sanda. Mwenye duka akauliza, "Mita ngapi?" Mimi ni fundi. Mtu akiingia kibandani kwangu namkadiria kwa macho kabla hajaketi, nguo za ubarikio, sare za shule, mashati ya maiti wa Kikristo, vyote vimepita mikononi mwangu. Nilisimama pale kaunta kama bubu. Nguo ya mwanangu sikuwahi kuikata hata moja. Akaniuliza tena, nikasema mbili, ili mradi niseme. Zilikuwa nyingi mno.

Babu alipatikana, bibi akapatikana, baba naye. Wakafika kwenye pengo. Wachimbaji walikuwa watu wazuri, waliweka koleo kando wakawa wanapapasa kwa mikono. Wakaenda mpaka magotini, wakaenda mpaka kiunoni. Mmoja akainua uso. "Mama, hapa ni udongo mtupu."

Mjumbe akakohoa. "Labda bi mkubwa amesahau mahali."

"Sijasahau," mama akasema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile mbele ya wanaume, wala kabla wala baada. "Nilimlaza kwa mikono hii, kichwa huku. Mmeshampita. Huo mliourusha pembeni ndiye yeye."

Afisa akamtazama shehe aliyekuja kusimamia. Shehe akasema mtoto amerudi udongo, na udongo utachukuliwa, hakuna neno. Mama akapiga magoti kwenye lile fungu, akachota kwa viganja viwili, akaweka kwenye bafta, akachota tena, mara tatu. Akakunja ncha za kitambaa kama anavyovikwa mtoto akitoka kuoga. "Haya," akaniambia, "mshike."

Nilimshika. Kwenye gari la mradi nilikaa naye mapajani kutoka shambani mpaka makaburi ya mji, na barabara ile ni mbovu, nikawa namkinga kwa mkono kila gari liliporuka. Mama alikuwa ubavuni pangu. Nililia bila sauti, na kusema kweli nililia pia kwa furaha fulani mbaya, kwa kuwa nilikuwa nimempakata.

Mlangoni kwa makaburi wanawake husimama nje. Nililijua hilo tangu utotoni na sikuwahi kuligombea. Mdogo wangu alinyoosha mikono. Sikumpa. Akasema kwa upole, "Dada, achia, watu wanasubiri kuswali." Ikabidi mama anifungue vidole.

Tulikaa kwenye jiwe nje ya ukuta, mama na mimi. Tulisikia takbira, tukasikia koleo, tukasikia wanaitikia amina.

Mdogo wangu alipotoka nilimkamata mkono kabla hajanawa. "Wapi?" nikamwuliza. Akaanza kunieleza kwamba yamekwisha salama, dua imesomwa ndefu. Nikamwambia sijakuuliza dua, nimekuuliza wapi. Basi akachutama pale pale na kanzu yake ya udongo, akanichorea chini kwa kidole: huu ukuta, hapa babu na bibi, hapa baba, na hapa miguuni kwa baba, karibu kabisa na ukuta, yeye.

Nikamwambia achore tena.