Kilo Thelathini na Mbili za Maharage

Ipo siku moja naikumbuka mpaka uzito wake, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu umeniletea habari kwamba umechaguliwa kwenda kusomea urubani wa helikopta. Wenzako wamekupigia vigelegele. Nami nimefurahi, usione nimenuna. Ila mimi kikongwe mkorofi nina neno la kuongeza. Niliwahi kuiangusha helikopta, na wala sikuwa ndani yake.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, huku huku juu Mgeta. Kijiji kilikuwa na ghala lake, na karani wa ghala nilikuwa mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, na nilijiona kweli kweli. Kahawa, maharage, viazi, vyote vilipita kwenye mizani yangu, ile ya sahani kubwa ya chuma chini na mkono wenye jiwe la kusogeza juu. Wazee wa heshima walisimama mbele yangu wakisubiri nitamke kilo zao. Nilikuwa sijampunja mtu hata siku moja, na hilo nililitangaza bila kuulizwa.

Masika ya mwaka huo barabara ya kushuka Morogoro ilikatika. Na katika matope hayo hayo baba yangu aliteleza kwenye matuta ya njegere, akavunjika mguu, mfupa ukatoka nje. Mganga wa zahanati alimfunga, akatuita pembeni. "Huyu afike hospitali kubwa leo, au kesho asubuhi," alisema. "Zaidi ya hapo, mguu hatutauokoa." Kumbeba kwa machela mpaka mjini, kwa njia ile na mvua ile, ni siku mbili. Kila mtu alikuwa anajua kuhesabu.

Sasa ona bahati. Siku tatu kabla, helikopta ndogo ilikuwa imetua kwenye uwanja wa shule. Ilileta mpimaji aliyekuwa anakagua vijito vya maji. Rubani wake aliitwa Ndugu Mshana, Mpare mwembamba asiyependa maneno mengi. Siku ile ya kwanza tulimkimbilia kwa ngoma tukishuka kutoka juu ya mteremko, naye akatufokea mpaka tukaganda. Baadaye alitueleza: kwenye mteremko, anayetokea upande wa juu kichwa chake kiko usawa wa pangaboi. Watu wa milimani tungejuaje? Sisi mgeni tunampokea kwa kumshukia.

Katibu wa kijiji alimwomba ambebe baba. Ndugu Mshana alimtazama mgonjwa, akatazama mawingu yaliyoziba pengo la mlima, kisha akauliza, "Mna mizani?"

Nilifungua ghala. "Dada karani, pima vyote," aliniambia. "Mgonjwa, blanketi, mto wa kuegeshea mguu, mpaka viatu vyangu." Mto wenyewe ulikuwa kiroba tulichokijaza majani makavu ya mgomba. Nikapima, akaandika. Kisha akaanza kupunguza. Alitoa sanduku la spana, akatoa jeki, akamwambia mpimaji atashuka kwa miguu. Mpimaji alikunja uso, lakini hakubisha.

Wingu halikuondoka mapema, basi tukakaa ghalani, yeye juu ya gunia la viazi, nami nikamuuliza kwa nini anahangaika na sanduku la spana wakati ana mashine yenye nguvu vile. Alinijibu vizuri, na maneno yale nimeyatunza mpaka leo. Alisema helikopta ndogo huanguka kwa mambo ya kawaida kabisa. Rubani anaingia kwenye wingu kwa sababu anaona mji uko karibu. Pipa la mafuta limeachwa wima nje, maji ya mvua yakapenya, na asubuhi hakuna aliyechota kidogo kwenye chupa akaangalia. Kuna waya umevutwa kukatiza bonde, hauonekani mpaka umeufikia. Na mara nyingi, alisema, yupo mkubwa fulani amesimama pembeni anasema twende tu, nina mkutano. "Lakini huku kwenu," akasema, "mimi naogopa uzito. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Nilichokuwa na uwezo wa kubeba saa moja asubuhi, saa saba mchana sikiwezi. Kilo ulizonipa ndizo za mwisho, dada. Hakuna nafasi hata ya bakuli."

Nilielewa. Nakuambia hivyo ili usije ukanitetea kwamba sikuelewa.

Rubani alipokwenda uwanjani kukagua mashine, mjomba wangu aliingia ghalani. Mjomba Kobelo, kaka mkubwa kuliko wote wa mama yangu. Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema amesema. Baba alikuwa amekuja kuoa kwetu na kukaa kwetu. Ndugu zake walikuwa mjini Morogoro, na ndio ambao wangempokea hospitali. Hapo ndipo palipomuwasha mjomba.

"Mume wa dada yangu atashuka mjini mikono mitupu?" aliniuliza. "Ndugu zake watasema tumemtumia shambani, mguu umevunjika, tumemtupa. Tutaweka wapi sura zetu?"

"Mjomba, rubani amekataza."

"Rubani anawajua watu wa mjini. Ukoo wetu anaujua?"

Alikuwa amekuja na kiroba cha maharage. Akatoa majani ya mgomba kwenye ule mto, akasukuma maharage yale ndani, akaufunga vilevile. Mimi nikafanya jambo ambalo hata leo silielewi. Niliuweka mto ule kwenye mizani, kwa mazoea tu ya kazi. Kilo thelathini na mbili. Nikazisoma kimya kimya, nikarudisha jiwe mahali pake.

Tulimpakia baba kwenye kiti, mguu wake juu ya mto, blanketi juu ya yote. Alikuwa amezidiwa na maumivu, hakujua mguu wake umeegeshwa juu ya nini. Rubani aliniita mimi, hakumwita mwingine.

"Dada karani, hakuna kilichoongezeka?"

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Hakuna, ndugu."

Ilikuwa saa saba, wingu limefunguka kidogo. Helikopta iliinuka kidogo, ikayumba, ikatua tena. Niliona rubani akitazama vipimo vyake vya kwenye dashibodi na kutikisa kichwa. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, mwanangu, na ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa naona kwa macho. Ningeinua mkono tu. Nilibaki nimeufumbata ufunguo wa ghala.

Akajaribu tena. Iliinuka, ikavuka ukingo wa uwanja, na kule bondeni upepo unaoshuka kutoka mgongo wa mlima ukaikandamiza. Ilishuka polepole, wala si kwa kishindo ulichozoea kusikia kwenye hadithi. Ilikuwa inaomba kupanda na haipandi. Mkia ukagonga ukingo wa matuta, mashine ikazunguka, ikalala ubavu kwenye njegere.

Tulikimbia. Namshukuru Mungu haikuwaka moto. Ndugu Mshana alikuwa amekwishatoka, ameketi kwenye tope ameshika kifundo cha mkono kilichovunjika. Maharage yalikuwa yametapakaa kila mahali, mekundu juu ya tope jeusi. Aliyatazama, akanitazama. Tulimtoa baba akiwa hai. Tulipomlaza chini alifumbua macho, akaona maharage, naye alikuwa mkulima, aliyajua ni ya nani.

"Mizani alishika nani?" aliuliza.

"Mimi, baba."

Akafumba macho tena.

Wanaume walimbeba kwa machela siku mbili, kama ambavyo wangefanya tangu mwanzo. Hospitali walimkata mguu chini kidogo ya goti.

Baada ya wiki kadhaa walikuja wakaguzi, wanaume watatu na faili lao, wakakaa ofisi ya kijiji. Rubani alikuwepo, mkono umefungwa. Usiombe nikueleze nilivyolala siku hizo. Mjomba aliniambia niseme mzigo aliupakia rubani mwenyewe, kwamba mtu wa mbali atasahaulika na sisi tutabaki hapa. Nilimheshimu sana mjomba. Lakini nilipoulizwa nilisema, "Kilo thelathini na mbili. Nilipima mimi, nikanyamaza mimi." Mjomba alitoka nje, na hakuongea nami mpaka mavuno ya mwaka uliofuata.

Nilitarajia Ndugu Mshana afurahi. Badala yake aliomba aandikwe na yeye. Alisema alipaswa kufunua blanketi kwa mkono wake, na kwamba helikopta ilipokuwa nzito mara ya kwanza alipaswa kuzima, kushusha kila kitu na kupima upya. "Nililiona wingu linarudi, nikamwonea huruma mgonjwa, nikaharakisha," alisema. Alirudishwa kazini, nilikuja kusikia. Mimi nilidhani nitanyang'anywa ghala, na nilistahili. Ila kijiji kilisema niendelee.

Aliyekishawishi kijiji ni baba. Alirudi na magongo mawili. Hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Mavuno yalipofika alijikokota mpaka ghalani, akaketi kwenye gunia karibu na mlango. Mtu wa kwanza aliweka kahawa yake, nikasogeza jiwe, nikaandika.

"Soma kwa sauti, mwanangu," baba akasema.

Nikasoma kwa sauti. Mtu wa pili, vilevile. Alikaa mpaka jioni. Alikuja mavuno yote yaliyofuata, miaka na miaka, akaketi palepale na mguu wake mmoja, na kila nilipojisahau alisema neno lile lile, bila hasira. Nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Basi hili ndilo neno langu kwako. Huko chuoni watakufundisha upepo, mawingu, waya na mafuta, na uyashike yote, maana kila moja lina makaburi yake. Lakini jua kwamba mzigo utakaokuangusha huenda ukawekwa na watu wanaokupenda, kwa nia njema, mbele ya mtu anayejua kilo zake na anaona aibu kuzitaja. Kwa hiyo funua blanketi mwenyewe. Mashine ikikuambia ni nzito, iamini kuliko mimi, kuliko waziri, kuliko mgonjwa anayelia. Ukitilia shaka, zima, shuka, upime upya, hata kama wote wanakutazama. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye namba, isome kwa sauti, awe nyuma yako mjomba au nani.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie mawingu asubuhi na akushushe salama jioni. Akupe mikono isiyo na haraka. Na siku utakayouliza, "Hakuna kilichoongezeka?", akuwekee pale chini mtu jasiri kuliko nilivyokuwa mimi. Amina.