Jogoo wa Kumkaribisha Mmarekani

Juzi sokoni Wamunyu niliona jogoo amefungwa kamba mguuni, na harufu ya damu ikanirudia puani.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja baba alinishika mkono, kwapani amebeba jogoo wetu mwekundu, tukaenda kumkaribisha jirani mpya, mzee Mmarekani aliyestaafu akahamia kwetu na mkewe Mfilipino.

"Mzee, hii ni yenu. Karibuni," baba alisema.

Mzee alicheka, akakimbilia nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo wake mwenye kisu chembamba kilichofungwa mguuni. Akamchukua wetu kwapani mwa baba, akawaachilia pamoja. Manyoya yaliruka, kisu kikapasua shingo ya jogoo wetu, damu ya moto ikanirukia gauni. Nilidhani ndivyo kwao wanavyochinja kuku, nikaanza kungoja mchuzi.

Baba alimpiga ngumi ya mdomo, mzee akaanguka.

Siku hizi najua kwamba huko Ufilipino walikoishi kabla ya kuja kwetu, jirani akikuletea jogoo mlangoni huenda amekuja kupiganisha jogoo wake na wako, tena kwa urafiki. Mzee aliinuka akitema damu, bado anatabasamu, akamnyooshea baba mkono.

Baba hakuushika.