Wageni wa Gaju

Baba mudogo Ruhimbika alishuka kutoka milima ya Minembwe, kule Kongo, akijua ng'ombe tu. Louisville, huku Marekani, ikampa farasi. Kazi yake ya kwanza kwenye shamba moja nje ya mji ilikuwa kuondoa mavi, na aliifanya kwa heshima kuliko wachungaji wengine wanavyohubiri. Bosi, mama mzee wa Kizungu mwenye maneno machache, akamkabidhi farasi jike ambaye jina lake la mashindano lilikuwa refu kama anwani. Baba mudogo akamwita Gaju, kama tunavyoita ng'ombe mwekundu kwetu.

Na Gaju alikimbia! Mwaka 2013 na 2014 alishinda mpaka sisi wa mtaa wa Iroquois, ambao kanisa limetukataza kamari, tukawa tunapiga kelele mbele ya televisheni kama wenye dhambi. Mwaka 2015 mguu ukamsumbua, akastaafu, akapandishwa dume. Masika yaliyofuata akazaa.

Hapo baba mudogo akafanya kosa la Kinyamulenge kabisa. Kwetu ng'ombe akizaa, watu huenda kumpongeza mwenye ng'ombe na kunywa maziwa. Bon, akapiga simu. Jumamosi magari yakaingia shambani: shangazi Nyarugabo kutoka Whitehall kule Columbus, na galoni za maziwa, mzee Karaha kutoka Buffalo, yule wa sala za kupaza sauti, na suti na wanawe wote. Bosi akatoka mbio.

"Hawa ni nani? Farasi aliyezaa juzi hasumbuliwi! Ruhimbika, unataka kazi au hutaki?"

Baba mudogo akanivuta kando, maana mimi ndiye niliyejua Kiingereza vizuri. Bila kazi ile hakuna Gaju tena. Akaninong'oneza, "Mwambie, donc, hawakuya juu ya farasi. Wamekuya juu yake yeye, kumupongeza."

Nikatafsiri. Shangazi hakungoja nimalize; alishamkumbatia bosi na kumpa kikombe. "Hongera, mama! Mungu amekupa! Kunywa, usiogope, si ya farasi!"

Nilipotafsiri hayo pia, bosi akakitazama kikombe. Akasema polepole kwamba tangu Gaju azae, kila aliyempigia simu alimuuliza bei ya mtoto. Hongera, hakuna aliyesema. Akanywa yote.

"Wawili wawili mpaka kwenye uzio, na kimya," akaamuru. "Na wewe Ruhimbika, mwakani uniambie mapema, nipange viti."

Baba mudogo akavua kofia, machozi yakamshuka. Karaha akaomba sala ya shukrani kwa kunong'ona. Wanaomfahamu Karaha watakubali kwamba huo ulikuwa muujiza wa pili siku ile.